Semina za PhD Zikiwa za Hiari, Nani Anaachwa kwa Mataa?

Najua unajiuliza PhD inakuhusu na nini wakati kodi ya keja ya mwezi huu bado haijaeleweka. Tulia kidogo. Msee anayesomea PhD leo ndiye atakufunza wewe ama ndugu yako mdogo kesho pale campo. Ndiye atasimamia utafiti wa chanjo, ndiye ataandikia gava ripoti ya bei ya unga, na ndiye ataitwa kwa TV saa tatu usiku kutueleza kwa nini mvua imekataa kunyesha. Akitoka shule kama hajaiva, sisi ndio tutakula hicho chakula kibichi.

Sasa kuna swali linasumbua vyuo vikuu kutoka Uingereza hadi Marekani, na huku kwetu limeingia bila kupiga hodi. Hawa wasee wa PhD walazimishwe kuhudhuria mafunzo ya kando ya utafiti wao, ama iwe hiari, anayetaka aende na asiyetaka aachwe na vitabu vyake?

Ukiliangalia haraka, jibu ni rahisi. Hawa ni watu wazima, wengine wana watoto wako sekondari. Waache wachague. Lakini ukikaa chini uangalie ni nani hasa hupata nafasi ya kuchagua, stori inageuka.

Hizi semina ni za nini?

PhD si kama digrii ya kwanza, ile ya kupiga CAT, kukopi notisi za beshte na kungoja mtihani. Kwa kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ni safari ya miaka mitatu ukikimbia sana, na wengi huenda mbali zaidi ya hapo. Unachagua swali ambalo hakuna mtu amelijibu, unalifuata hadi mwisho, unaandika tasnifu, halafu unaitetea mbele ya maprofesa wenye kazi yao ni kukutafuta makosa. Mtu mkuu kwa hio safari ni supavaiza wako. Akiwa poa, unamaliza. Akiwa noma, utazeekea pale.

Mafunzo ya kando ni yale mambo yote hayaingii kwa tasnifu lakini bila hayo hutoboi. Kuandika makala ikubaliwe na jarida la maana. Kuomba pesa za utafiti. Maadili, yaani venye unafaa kumtendea yule mama wa Kibera amekubali kujibu maswali yako. Kusimama mbele ya darasa la watu 300 na maikrofoni imekufa. Kupanga bajeti. Kuongea na mwandishi wa habari bila kumlaza. Na ile kubwa kabisa, kutafuta job nje ya chuo, juu nafasi za ndani ni kidogo na foleni ni ndefu.

Waingereza walianzaje hii maneno

Mwaka wa 2002, mwanafizikia anaitwa Sir Gareth Roberts aliwasilisha ripoti kwa Hazina ya Uingereza. Malalamishi ya wakati huo yalikuwa ya kawaida: wasee wanatoka na PhD za sayansi na uhandisi wakijua kitu kimoja kwa kina kama kisima, lakini ukiwaweka ofisini wanakwama. Hawajui kufanya kazi na timu, hawajui kueleza kazi yao kwa mtu hajaisomea, na mipango yao inayumba.

Roberts akapendekeza kila mwanafunzi wa PhD apate angalau wiki mbili za mafunzo kwa mwaka, zaidi mafunzo ya ujuzi unaoweza kuhama nao kutoka kazi moja hadi nyingine. Na hapa shika sana: pendekezo halikuja mikono mitupu. Vyuo vilianza kupata takriban pauni milioni 20 kila mwaka za kufanya hio kazi, na hizo pesa zilitiririka hadi 2011. Mwaka wa 2010, shirika la Vitae likatoa mwongozo wa mambo mtafiti anafaa kuyajua na kuyaweza. Yalikuwa 63. Sitini na tatu! Hata landlord wa Kilimani hana masharti mengi hivyo.

Halafu 2011 mfereji ukafungwa. Bajeti spesheli ikaisha, lakini mazoea yakabaki. Kila chuo kikaanza kujipanga kivyake. Kuna chenye kinataka ukusanye pointi kila mwaka la sivyo hausongi mbele. Kuna chenye kinakutumia orodha ya semina kwa imeli na kukuambia "karibu ukipata nafasi." Ndio maana swali la lazima ama hiari halijawahi kulala.

Wenye wanataka hiari wako na pointi

Tusijifanye hawa watu wanaongea ovyo.

Kwanza, wengi wa wasee wa PhD hapa kwetu si vijana wametoka digrii moja kwa moja. Ni watu wako na kazi. Unapata mtu amesimamia tawi la benki miaka kumi, ameandika na kufuta watu kazi, halafu Jumamosi asubuhi anakalishwa kwa semina ya "jinsi ya kupanga muda wako" na mtu hajawahi kusimamia hata chama. Huyo akikasirika utamlaumu?

Pili, muda ni doh. Wanafunzi wengi wa PhD Kenya wanajilipia karo wenyewe, wanasoma wakifanya kazi, na wikendi ndio siku pekee ya kushughulikia tasnifu. Ukiwaongezea semina tano za lazima, unawaongezea nauli, unawaongezea siku za kuomba ruhusa kazini, na pengine unawaongezea muhula mzima wa karo.

Tatu, kitu cha lazima kina ugonjwa wake: kinaacha kujali ubora. Mwalimu anajua mtakuja tu hata akisoma slaidi neno kwa neno. Nyinyi mnajua mkisaini karatasi mko sawa. Kila mtu anaondoka na cheti na hakuna mtu ameondoka na kitu. Kama umewahi kukaa kwa ile semina ya kazini ambapo kitu pekee unakumbuka ni chapo za saa nne, unajua naongelea nini.

Kwa hivyo hoja ya hiari haijatoka hewani. Imetoka kwa watu wamechoka kupotezewa muda.

Halafu hesabu za job zinaingia

Shida ni kwamba PhD imejengwa kana kwamba kila mtu ataishia kuwa profesa. Sasa ona hii. Mwaka wa 2010 Royal Society, ile jumuiya kongwe ya wanasayansi Uingereza, ilitoa ripoti ikaonyesha kwamba ni kama asilimia 3.5 tu ya wenye PhD za sayansi huko wanaofika kwa kazi ya kudumu ya utafiti chuoni. Wanaofika kiti cha profesa ni asilimia 0.45.

Weka hizo namba kwa lugha ya mtaa. Chukua wasee 1,000. Hao 35 watapata job ya kudumu ya utafiti. Wanne ama watano watakuwa maprofesa. Hao wengine wote watatafuta njia nyingine: viwanda, mashirika, gava, benki, shule, biashara zao. Ni kama akademi ya mpira yenye watoto 1,000 wote wanafunzwa kupiga penalti peke yake, halafu 35 ndio wanasajiliwa na klabu. Hao 965 uliwafunza nini cha kula nacho?

Kenya si Uingereza, na namba zetu haziwezi kufanana na zao. Lakini upepo ni ule ule. Muulize mhadhiri yeyote wa mkataba anayefunza vyuo vitatu kwa wiki moja na hajui malipo ya muhula uliopita yataingia lini. Huyo mtu ana masomo ya kutosha. Kile hajawahi kufunzwa ni venye anaweza kupeleka hayo masomo sokoni.

"Lakini semina zinachelewesha watu!"

Hii ndio hoja supavaiza wengi hupenda. Kila saa uko semina ni saa hauko maabara, so utachelewa kumaliza na hutachapisha. Inasikika kweli kabisa.

Bahati nzuri kuna watu walienda wakapima. Marekani, taasisi ya afya ya NIH ilikuwa imefadhili mpango wa kufunza watafiti wa sayansi ya tiba mambo ya kazi mbali na maabara. Mwaka wa 2021, utafiti uliochapishwa kwa jarida la PLOS Biology uliangalia wanafunzi wa PhD kwa taasisi 10 za huko. Wakalinganisha walioshiriki sana, walioshiriki kidogo na wale hawakushiriki kabisa. Matokeo? Kushiriki hakukuongeza muda wa kumaliza na hakukupunguza makala walizochapisha.

Usiruke juu kushangilia bado. Hao wanafunzi wa Marekani wengi hulipwa posho wakisoma. Mtu analipwa kusoma akitoka saa nane kwenda semina, hakuna bosi anamkata mshahara. Mwalimu wa sekondari kule Kitui anayesoma PhD wikendi akitoka kwenda semina Nairobi, analipa nauli, analipa mahali pa kulala, na Jumatatu naibu mwalimu mkuu anamuuliza alikuwa wapi. Kwa hivyo kile huo utafiti unatuonyesha ni hiki: mafunzo yenyewe si adui wa tasnifu. Adui ni kukosa muda na pesa.

Hiari hufaidi nani?

Mimi sikumaliza campo. Lakini kwa muda nilikuwa pale, nakumbuka wiki ya mambo ya ajira, ile mashirika yanakuja na mahema na kalamu za bure. Ilikuwa hiari. Wale walijaa kwa hizo meza ni wale tayari walikuwa na CV zimepigwa pasi, wazazi wao wakiwa maofisini, wakijua hadi jina la yule mtu wa kuongelesha. Sisi tulikuwa tumelala ama tuko mahali tunasaka za lanchi. Hakuna mtu alitufungia mlango. Ni vile hata hatukujua huo mlango unafunguka kwenda wapi.

PhD ni vivyo hivyo, sema tu mahema ni ya bei. Ukisema semina ya kuomba pesa za utafiti ni hiari, atakuja nani? Atakuja yule amesikia kwa mjomba wake mhadhiri kwamba bila pesa za nje utafiti unakufa. Yule ni wa kwanza kusoma kwa ukoo wao anaona tangazo, anasema "hio si ya tasnifu," anapita. Mwenye anaihitaji zaidi ndiye hajui anaihitaji.

Na kuna kitu kingine watu huogopa kusema kwa sauti. Kati ya mwanafunzi wa PhD na supavaiza, neno hiari lina mwenyewe. Supavaiza ndiye anasaini fomu zako, ndiye anasoma sura zako, ndiye ataandika barua ya kukupendekeza. Ukimwambia, "Prof, Alhamisi sitakuwepo, naenda semina ya kuandikia magazeti," na yeye akunje uso kidogo tu, wewe hauendi. Hakukukataza. Amekunja uso tu. Lakini kama hio semina ni lazima, unamwambia, "Prof, pole sana, ni kanuni ya chuo," na stori inaishia hapo. Kwa mtu hana nguvu, kanuni ni ngao. Ukiiondoa ukisema umempa uhuru, uhuru wenyewe unaenda kukaa kwa mfuko wa supavaiza.

Sasa turudi nyumbani

Hapa Kenya hii maneno inauma kwa njia yake. Mwaka wa 2014 CUE ilitoa viwango vya vyuo vikuu. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili makubwa. Moja, wahadhiri wawe na PhD, na wakapewa hadi 2019 kujipanga. Mbili, mwanafunzi wa PhD awe na makala mbili kwa majarida yanayopitiwa na wataalamu kabla ya kufuzu.

Kwa karatasi ni sawa kabisa. Nani hataki mwalimu amesoma? Lakini angalia mpangilio. Makala mbili ni lazima. Kufunzwa venye makala huandikwa, venye jarida huchaguliwa, venye unajibu wataalamu wakikurudishia kazi imejaa wino mwekundu, hio kwa sehemu nyingi inategemea chuo chako, supavaiza wako na bahati yako. Yaani mtihani ni lazima, somo ni hiari. Hata kwa shule ya msingi tungeita hio uonevu.

Na ukimpa mtu njaa bila chakula, kuna mtu atakuja kumuuzia sumu. Duniani kuna majarida feki, yale yanakuambia lipa dola kadhaa na makala yako itatoka wiki ijayo, hakuna mtu ataisoma kuipima. Jeffrey Beall, mkutubi wa chuo kikuu cha Colorado kule Denver, ndiye aliyapa jina la majarida ya uwindaji, na akawa anaweka orodha yao mtandaoni hadi alipoifunga Januari 2017. Msee wa PhD akiwa mbio za makala mbili, hajafunzwa kutofautisha jarida na mtego, na karo ya muhula mwingine inanukia, unafikiri atabonyeza wapi?

Tarehe ya 2019 ilipofika, wahadhiri wengi bado hawakuwa na hio PhD. Na mwaka huo huo, Juni, JKUAT ilifuzisha watu 118 wa PhD kwa sherehe moja. Nchi ikashtuka. CUE ikaanzisha uchunguzi kuangalia kama taratibu za usimamizi zilifuatwa. Mitandaoni watu walicheka, wakaita PhD za mandazi. Mimi nacheka nusu tu. Kati ya hao wasee kuna watu walikesha miaka na miaka, na jina lao likapakwa tope juu mfumo ulijali sana kuhesabu vichwa siku ya kofia na haukujali sana kile kinaendelea katikati.

Na kuna kinaya kingine, hiki wewe wa Roysambu ama Kahawa unakijua vizuri kuniliko. Ile hasla ya kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha na tasnifu, tunaiita "academic writing." Imelipia watu keja, imenunulia wengine pikipiki. Filamu ya The Shadow Scholars iliyotoka 2024 ilifuata hao waandishi wa Kenya, ikiongozwa na macho ya Patricia Kingori, profesa wa Oxford aliyezaliwa huku kwetu. Fikiria hapo: tuko na vijana wanaweza kuandika sura ya tasnifu usiku mmoja kwa jina la mtu wa Uingereza, na tuko na mtu wa PhD kwa chuo cha hapa ambaye hakuna mtu amewahi kumkalisha chini kumuonyesha makala huanzia wapi. Ujuzi uko nchini. Kitu hakuna ni daraja.

Kuna mahali lazima imefanya kazi

Usiniambie haiwezekani Afrika. Kuna mpango unaitwa CARTA, ulianza 2008, unaongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC hapa Nairobi pamoja na chuo kikuu cha Wits cha Afrika Kusini. Unachukua wafanyakazi wa vyuo vya Afrika wanaosomea PhD, wakiwemo wa Moi, Nairobi na Makerere, mambo ya afya ya umma na watu.

Hao hupitia semina nne za pamoja, kutoka mwanzo wa wazo hadi kuandika tasnifu, na ya mwisho inaangalia maisha baada ya PhD: kuomba pesa, kuchapisha, kujenga kazi. Si za siku moja na soda. Ni wiki kadhaa mkiwa pamoja, kundi lile lile, kutoka nchi tofauti. Na si za kuchagua. Ukiingia kwa mpango, unahudhuria.

Mbona hao hawalii? Juu mpango unagharamia, na semina zimepangwa kufuata hatua ya utafiti wako. Semina ya kuchambua data inakuja ukiwa na data. Haukalishwi kufunzwa kuandika hitimisho na bado hujapata swali.

Kule Uswidi na Norwei, mwanafunzi wa PhD kwa kawaida ni mwajiriwa, analipwa mshahara. Kozi za lazima ni sehemu ya kazi yake. Uingereza, wale wanafadhiliwa na UKRI walipangiwa posho isiyopungua pauni 20,780 kwa mwaka wa 2025/26, zaidi ya KSh milioni 3 za kwetu. Kwa hivyo ukisikia mtu wa huko anabishana kama semina iwe lazima, jua anabishana akiwa ameshiba. Sisi tukikopi jibu lao bila kukopi sahani yao, tumejiumiza.

So, tuweke laini wapi?

Mimi sioni kama ni lazima ama hiari kwa jumla. Naona vikapu viwili.

Kikapu cha kwanza ni lazima, hakuna mchezo, na kiwe kidogo:

1. Maadili ya utafiti. Hapa mwenye anaumia ukikosea si wewe, ni yule mtu ulimchunguza. Marekani wakfu wa sayansi wa NSF tangu 2010 unataka chuo kinachoomba pesa zake kiwe na mpango wa kufunza maadili. Dereva wa matatu hapewi hiari ya kujua breki iko wapi.

2. Kuandika na kuchagua jarida. Kama makala mbili ni masharti ya kufuzu, basi kufunzwa kuziandika ni deni la chuo. Wakitaka kufanya somo hiari, wafanye na mtihani hiari.

3. Haki zako na mipaka ya supavaiza. Ajibu baada ya muda gani, ukikwama unaenda ofisi gani, ukidhulumiwa unalia wapi. Na hio semina supavaiza naye akae ndani. Huwezi kulazimisha mwanafunzi kufunzwa kusimamiwa na mwenye kusimamia hajawahi kufunzwa kusimamia.

Kikapu cha pili ni hiari ya ukweli. Kuongea kwa umma, biashara, kufunza, uongozi, CV, lugha, programu za kompyuta. Yule meneja wa benki aruhusiwe kuonyesha tayari anajua bajeti, aachwe aende zake. Yule mwalimu wa Kitui achague kile kitamtoa mahali yuko.

Lakini hio hiari ina masharti yake. Ratiba iwe na jioni, wikendi na mtandaoni, si Jumatano saa nne asubuhi. Gharama iwe ndani ya karo tayari, isije kama bili mpya ya kushtukiza. Na supavaiza asiwe na ruhusa ya kuzuia. Ukikosa hayo matatu, usiite hiari. Ita tangazo.

Najua chuo kitasema hakuna bajeti. Ni kweli vyuo vyetu vya umma viko kwa madeni, na wahadhiri wamegoma mara ngapi wakidai pesa za mikataba ya zamani. Lakini hicho kikapu cha lazima ni cha siku chache kwa mwaka, na wenye kukifunza tayari wako kwa korido. Mhadhiri amechapisha makala kumi haihitaji kuletwa na ndege. Anahitaji kulipwa saa zake na kupewa chumba chenye stima.

Na hii si maneno ya wenye miwani minene peke yao. Kila mahali utaenda, iwe ni atachimenti, ni kazi ya kwanza, ni kozi ya miezi mitatu, utasikia hilo neno: "mafunzo ni hiari." Likikufikia, uliza maswali mawili tu. Nani atapimwa na kile hakufunzwa? Na nani atakatwa siku akienda kufunzwa? Kama jibu kwa yote mawili ni wewe, basi hapo hakuna hiari. Kuna mtu ameokoa bajeti yake, na risiti imeandikwa jina lako.